Chupa ya bluu ingoje mchana

NENO LA JUMAMOSI
Na Rehema Kisaka

Siku hizi mjini mtu anapiga mswaki, anatema, anasukutua kwa maji mpaka povu lote liishe, kisha anamalizia na kifuniko kimoja cha dawa ya kusukutua, ile ya bluu au ya kijani. Anasukutua machozi yakimlengalenga, anatema, anatoka bafuni akijiona ametupita sisi wa mswaki mtupu. Mimi nasema ameosha dawa aliyotoka kuipaka.

Soma kwenye boksi la dawa yako ya meno. Nyingi zimeandikwa kiasi cha floridi, na kwa mtu mzima huwa kati ya 1,000 na 1,500 kwa milioni. Floridi ndiyo inayoimarisha gamba gumu la jino lisiliwe na tindikali ambayo bakteria huitoa wakipata sukari, na ili ifanye kazi hiyo lazima ikae mdomoni. Dawa ya kusukutua ya kila siku yenye floridi huwa na takriban 225 tu kwa milioni. Kwa hiyo ukimalizia na chupa umeondoa iliyo kali ukaweka nyepesi, na kama chupa yako haina floridi kabisa, hukuweka kitu. NHS, huduma ya afya ya Uingereza, inawaambia watu wake bila kuficha: ukishapiga mswaki tema, usisukutue, dawa ya kusukutua itumie saa nyingine, tuseme baada ya chakula cha mchana, halafu kaa dakika 30 bila kula wala kunywa. Najua kubaki na povu mdomoni kunakera. Shoga yangu mmoja aliniambia anajisikia kama aliyetoka kuoga na sabuni mwilini. Utazoea.

Chupa hii ilipataje cheo kikubwa hivyo? Mwaka 1879 daktari Joseph Lawrence wa St. Louis, Marekani, alitengeneza Listerine, akaipa jina la Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu kwenye vidonda na vifaa vya upasuaji. Ilianza kama dawa ya hospitali. Miaka ya 1920 ndipo matangazo ya magazetini yalipoanza kuwatia watu hofu: binti hapati mchumba, kumbe mdomo unanuka na marafiki wanaona haya kumwambia. Mauzo yakapaa. Kwa miaka mingi watengenezaji wakatangaza pia kuwa inazuia mafua, mpaka mwaka 1975 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilipowaamuru waache, na matangazo yao ya dola milioni 10 yatakayofuata yakiri kwamba haizuii. Kampuni ilikimbilia mahakamani, na mwaka 1977 majaji wakaikubalia tume. Madai ya mafua yakafa. Hofu ya kunuka haijafa; imehamia kwenye simu zetu.

Na hiyo harufu yenyewe, mara nyingi haitoki kwenye meno. Inatoka nyuma ya ulimi, kule ambako wengi hawapitishi mswaki na ambako bakteria wanakaa wakitoa gesi zenye salfa. Mnanaa wa chupa unaifunika kwa muda tu. Ukwangue ulimi kila asubuhi kwa mswaki huohuo, taratibu, kuanzia nyuma kuja mbele, uone tofauti. Ukoga nao hauondoki kwa kusukutua, kwa sababu umegandamana na jino. Unaondolewa kwa kusugua, na kati ya jino na jino kwa uzi. Ukishakuwa mgumu kama jiwe hata mswaki hauuwezi, nenda kwa daktari wa meno akausafishe. Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki zinataka daktari huyohuyo, wala si ladha mpya ya dawa.

Nawaonea huruma zaidi ndugu zetu wa Arusha na vijiji vya kuzunguka Mlima Meru. Kule maji yenyewe yana floridi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, yanaota yakiwa na madoa ya kahawia. Doa hilo liko ndani ya jino. Kijana anayenunua chupa baada ya chupa akitarajia litatoka anaibiwa, na ningependa wauza duka wamwambie hivyo kabla hajatoa noti.

Sisemi chupa zote zimwagwe. Mwenye waya za kunyoosha meno, au ambaye meno yake hayakawii kutoboka, floridi ya ziada ya mchana inamsaidia. Wanaosumbuliwa na ukavu wa mdomo, au wasiotaka kilevi kwa sababu ya dini, watafute zisizo nacho, zipo. Listerine ile ya asili ina kilevi karibu asilimia 27, kingi kuliko bia na divai. Mtoto wa chini ya miaka sita asipewe kabisa, atameza. Na ile yenye klorheksidini ambayo daktari huiandika kwa fizi zilizovimba ni ya muda aliokupangia tu. Wapo wanaoigeuza ya kila siku, halafu wanashangaa meno yamekuwa ya kahawia na chakula hakina ladha.

Umeng'olewa jino? Saa 24 za kwanza usisukutue kitu chochote, maana damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha kidonda, ikitoka utalia. Kesho yake, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kila ukimaliza kula.