Kijiji Kisicho Kwenye Ramani Hakilindwi

Kila Iran na Israel zikirushiana makombora, simu zetu hujaa klipu za usiku. Mianga inapanda, mianga inashuka, mlipuko angani, halafu chini mtu ameandika ati "hiyo mashini haikosei". Tunashea, tunabishana nani kamshinda nani, asubuhi tunaendelea na shughuli zetu. Kuna swali ambalo huwa halifiki kwenye ubishi huo: ile mashini inajuaje ni nani wa kulindwa?

Ndugu na dada, hebu kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kombora la balistiki likiondoka Iran huchukua dakika 12 hivi kufika Israel. Ndani ya muda huo satelaiti inaona moto wa kuruka kwake, rada inalishika likiwa njiani, na habari zote zinakusanywa na kompyuta kwenye kituo kimoja cha amri. Mfumo wa Arrow, ambao Israel huutumia dhidi ya makombora ya masafa marefu, una rada yake iitwayo Green Pine na kituo chake cha amri kiitwacho Citron Tree. Marekani nayo, tangu 2008, ina rada yake kubwa, AN/TPY-2, kwenye jangwa la Negev kusini mwa Israel.

Kituo cha amri ndicho ubongo wa mfumo mzima. Kinapiga hesabu: hili litaangukia wapi? Lizuiwe au liachwe? Likizuiwa, ni betri ipi ifyatue? King'ora kilie mtaa gani? Askari aliye mbele ya skrini anabaki na muda mfupi sana wa kukubali au kukataa.

Hapo tushike neno moja: liachwe. Si kila kinachorushwa hudunguliwa. Kombora moja la Arrow 3 hugharimu mamilioni ya dola, na ghala lina mwisho wake. Iron Dome, ulio wa roketi za masafa mafupi, umejengwa waziwazi kwa mtindo huo. Roketi ikionekana inaelekea mahali pasipo watu, inaachwa ianguke. Kijeshi, hiyo ni akili. Hakuna anayetaka kumaliza silaha zake kwa kupigania mchanga mtupu.

Shida ni kwamba kompyuta haina macho ya kujua wapi pana watu na wapi hapana. Inajua ramani iliyopewa. Na ramani hiyo imechorwa na serikali, miaka mingi kabla ya king'ora kulia.

Sasa turudi Negev. Huko wanaishi Wabedui karibu laki tatu. Ni Waislamu, ni raia wa Israel, wana vitambulisho na wanapiga kura. Lakini vijiji vyao 35 hivi serikali inaviita "visivyotambuliwa". Baadhi vilikuwepo kabla ya nchi ya Israel kuundwa 1948. Vingine ni vya watu waliohamishiwa pale na jeshi lenyewe miaka ya 1950. Ilipopitishwa sheria ya mipango na ujenzi mwaka 1965, vijiji hivi viliachwa nje ya ramani, na tangu hapo nyumba zilizomo zinahesabiwa kuwa zimejengwa kinyume cha sheria. Ndiyo maana hawaungiwi umeme wa serikali. Ndiyo maana hakuna ving'ora wala mahandaki ya umma. Na baba akiamua kujenga chumba cha zege ajifiche na wanawe, atakuwa amejenga bila kibali, na tingatinga linaweza kuja kukibomoa.

Rada kubwa ya Marekani iko kwenye jangwa hilo hilo. Inaona kombora likiwa mamia ya kilomita mbali. Mtoto aliye chini ya bati kwenye jangwa lile lile hayumo kwenye hesabu.

Haya si mambo ya kufikiria tu. Julai 2014 roketi kutoka Gaza ilimuua Mbedui mmoja kwenye kijiji kisichotambuliwa karibu na Dimona. Haikudunguliwa, kwa sababu mahali pale palihesabiwa kuwa uwanja mtupu. Watetezi wa haki wakaenda hadi Mahakama Kuu ya Israel kudai vijiji hivi vilindwe kama miji mingine. Hawakupata amri waliyoiomba. Ikapita miaka tisa, na Oktoba 7, 2023 roketi zikaua tena watu kwenye vijiji hivyo hivyo, watoto wakiwemo.

Halafu ukaja ule usiku wa Aprili 2024, Iran iliporusha droni na makombora zaidi ya 300. Jeshi la Israel likatangaza kuwa asilimia 99 yalizuiwa, na dunia ikapiga makofi. Ndani ya Israel, aliyejeruhiwa vibaya usiku ule alikuwa msichana wa Kibedui wa miaka 7, kwenye kijiji kisichotambuliwa huko Negev. Kipande cha kombora kilipasua paa la nyumba yao. Oktoba mwaka huo huo Iran ikarusha makombora tena, na aliyeuawa na mabaki yaliyoanguka alikuwa Mpalestina wa Gaza, karibu na Jericho, Ukingo wa Magharibi. Juni 2025 kombora la Iran likapiga nyumba mjini Tamra, mji wa Wapalestina ambao ni raia wa Israel, likaua wanawake wanne wa familia moja. Mji huo wa watu zaidi ya elfu 30 haukuwa na hata handaki moja la umma.

Mtu atasema: makombora ni ya Iran, roketi ni za Gaza, basi walaumiwe waliorusha. Ni kweli, na tusimung'unye maneno. Anayerusha silaha bila kujali itamwangukia nani ana damu mikononi, hata akiwa anasema anatutetea sisi. Binti yule wa Negev hakuulizwa ni upande gani anaunga mkono kabla ya paa kupasuka. Lakini kosa la mrushaji halifuti wajibu wa serikali kwa raia wake. Serikali iliyoamua kununua ngao imeamua pia ngao hiyo imkinge nani. Huwezi kutoza kodi na kuhesabu kura za watu, halafu kwenye ramani ya ulinzi ukawaandika kuwa ni uwanja mtupu.

Mwingine atasema hayo ni makosa ya kiufundi tu, na kila mashini hukosea. Sawa, tuangalie kosa la kiufundi hushughulikiwa vipi. Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraq lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua 28. Betri ya Patriot iliyotakiwa kulizuia haikufyatua. Uchunguzi ukaonyesha kompyuta yake ilikuwa imewashwa kwa saa 100 mfululizo, na saa yake ya ndani ilikuwa imepotea kwa thuluthi moja tu ya sekunde. Hiyo ilitosha kuifanya rada itafute mahali pasipo. Programu ya kurekebisha kasoro ile ilifika Dhahran siku iliyofuata vifo. Bunge la Marekani likaletewa ripoti rasmi.

Tazameni tofauti. Waliokufa walipokuwa watu wanaohesabika, thuluthi ya sekunde ilitafutwa mpaka ikapatikana. Vijiji vya Negev havijapotea kwa thuluthi ya sekunde. Vimeachwa nje ya ramani tangu 1965, kila mtu anajua viko wapi, na hakuna programu yoyote inayohitaji kuvumbuliwa ili viingizwe. Hiyo si hitilafu. Huo ni uamuzi.

Mifumo hii inaendelea kununuliwa na nchi nyingi, na kila mwaka kompyuta inapewa kazi kubwa zaidi kwa sababu makombora yanazidi kasi na binadamu hana muda wa kufikiri. Ndiyo maana maswali lazima yaulizwe mapema, wakati wa amani, kabla skrini haijawaka. Ramani gani imo ndani ya mfumo? Nani aliiidhinisha? Nani hayumo, na kwa nini? Kombora likiachwa lianguke na mtu akafa, ni afisa gani atasimama mbele ya hakimu aeleze? Dakika 12 zikishaanza kuhesabiwa, hakuna tena nafasi ya kuuliza lolote.

Vijana wa hapa hatuhitaji kufundishwa maana ya kutoonekana kwenye rejista ya serikali. Anayejua adha ya kuzungushwa ofisini kwa sababu ya karatasi moja atawaelewa watu wa Negev haraka kuliko mtaalamu wa rada. Tofauti ni kwamba wao wanalipa kwa damu.

Basi, klipu nyingine ikikufikia, usiishie kuhesabu ngapi zimedunguliwa. Tafuta zilizoanguka zimeangukia wapi, na pale palikuwa na nani. Andika hilo kwenye maoni. Muulize anayesifia ile asilimia 99. Wanaoishi kwenye hiyo moja iliyobaki wana vijiji, na vijiji vyao vina majina.