Uzi wa dada, ahadi ya kaka

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa nane, mwezi unapokuwa mpevu, Wahindu husherehekea Raksha Bandhan: dada anamfunga kaka yake uzi mkononi, naye kaka anaahidi kumlinda.

Tarehe 26 Julai 2022, polisi wawili wa India waliotumikia MONUSCO waliuawa mjini Butembo katika maandamano. Raia nao walikufa. Sikukuu hiyo ilifika Agosti 11.

Hasira ilikuwa na sababu. Huko Luofu, wilayani Lubero, Aprili 2009 FDLR walichoma nyumba, watoto wakafia ndani, na walinda amani walikuwapo Kivu. Lakini kumuua mlinzi hakujamlinda dada yeyote. Ahadi isiyotimizwa inadaiwa kwa sauti, si kwa damu.