Siku ya mpiga picha ina saa ngapi?

Mwaka jana idara ninayofundisha iliandaa kongamano la siku tatu, nami nikateuliwa katika kamati ya maandalizi. Miongoni mwa majukumu niliyotwikwa ni kutafuta kikosi cha kupiga picha za video. Aliyejitokeza ni kijana niliyemfundisha fonolojia miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa hujitafutia riziki kwa kamera bila ya kuajiriwa na yeyote. Alileta bei yake: shilingi 25,000 kwa siku, kwa watu wawili pamoja na vifaa vyao. Nilipoziona tarakimu hizo nilifanya kosa ambalo, nadhani, wengi wa wasomaji wa safu hii wangelifanya. Nilizidisha kwa thelathini.

"Kijana wangu," nikamwambia, "yaani nyinyi mnapata laki saba u nusu kwa mwezi, na mimi mwalimu wako sifiki hata theluthi yake?"

"Mwalimu," akajibu kwa adabu, "mwezi uliopita tuliitwa siku nne."

Hata hivyo akapunguza hadi 18,000, maana aliyekuwa akimwomba ni mwalimu wake. Jambo hilo linanisuta mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Neno mshahara tulilipokea kutoka Kiarabu, na ndani yake mna neno la lugha hiyo lenye maana ya mwezi. Anayepokea mshahara analipwa mwezi mzima, pamoja na Jumapili zake, likizo zake na siku alizolala akiwa na homa. Kibarua nacho ni udogo wa barua: kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi kuthibitisha kwamba kazi ya siku ile ameifanya. Asiye na kikaratasi cha leo hana cha leo. Sisi tulioajiriwa tunaposikia bei ya siku huitazama kwa macho ya mshahara, tukaiona kubwa kupita kiasi, ilhali anayeitaja anaishi maisha ya kibarua tena amebeba vyombo vya kazi mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mpiga picha anataka apate shilingi 50,000 kwa mwezi za kodi ya nyumba, chakula na karo ya watoto. Angekuwa ameajiriwa, angegawanya kiasi hicho kwa siku 26 za kazi akapata karibu shilingi 1,900 kwa siku. Lakini yeye huitwa siku 80 kwa mwaka, tena huo uwe mwaka wa neema. Shilingi 600,000 za mwaka zikigawanywa kwa siku 80 ni 7,500. Kamera na lenzi zake zimemgharimu 400,000, nazo baada ya miaka minne zitakuwa zimechakaa au kupitwa na wakati. Hizo ni 100,000 kwa mwaka, yaani 1,250 kwa kila siku ya kazi. Ongeza 140,000 za matengenezo, betri, usafiri na simu, ambazo ni 1,750 kwa siku. Jumla ni shilingi 10,500, hata kabla ya kukumbuka kwamba kazi ya siku moja ilikuwa na siku ya kujiandaa na siku mbili za kuhariri zisizotajwa popote. Mtu mmoja, kamera moja. Wakiwa wawili, pamoja na taa na vipaza sauti, zile 25,000 zilizonishtua hazina anasa yoyote ndani yake.

Aidha, hakuna mwajiri wa kumchangia. Bima ya afya ya jamii, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, ataitafutia fedha mwenyewe. Malipo yake yakihesabiwa kuwa ada ya kitaalamu, anayemlipa huzuia asilimia 5 kwa ajili ya kodi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua mfanyakazi wa kutwa, na inaruhusu aliyeendelea kufanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja apate haki za mwajiriwa. Je, aliyefanya kazi leo hapa, wiki ijayo kwingine, mwezi ujao kwa mtu wa tatu, ataufikisha lini mwezi huo?

Yote haya yangetengenezwa kwa kalamu na karatasi kama si neno jingine dogo, nalo ni siku.

Siku ya pili ya kongamano letu vijana wale walifika saa kumi na mbili asubuhi kutandaza nyaya. Usiku kulikuwa na karamu ya wageni, na hotuba hazikwisha hadi saa nne. Hizo ni saa 16. Walipoomba nyongeza, mhasibu aliwaonyesha karatasi ya makubaliano: siku tatu. Hakusema uongo. Karatasi hiyo niliiandika mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, na sikuona haja ya kueleza siku ni nini.

Haja ilikuwapo. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, ndiyo maana mzee wa pwani akikwambia usiku wa Ijumaa huenda akawa anautaja ule unaokuja baada ya Alhamisi kuchwa. Kwa kalenda ya ofisi siku huanza usiku wa manane. Kwa mwenye harusi huanza bibi arusi anapopambwa, na huisha mgeni wa mwisho anapoondoka. Mpiga picha aliyekubali siku moja bila ya kuuliza ni ipi kati ya hizo amekubali zote kwa pamoja.

Hata kuandika saa kuna mtego wake. Mkataba ukisema kazi ni saa kumi, ni muda wa saa kumi au ni hadi saa kumi jioni? Sisi walimu tumemwaga wino mwekundu mwingi juu ya neno masaa, na mimi sijaacha. Lakini nakiri kwamba wanaolitumia kutaja muda, wakaliacha saa litaje wakati, wanatafuta tofauti ambayo sarufi yetu haikuwapa. Katika mkataba, heri kuandika kwa muda wa saa kumi, kuanzia kufika hadi kufungasha vyombo.

Nchini Uingereza wanaopiga picha za matangazo ya biashara wana masharti yanayoitambua siku kuwa saa kumi za kazi pamoja na saa moja ya chakula. Zaidi ya hapo ni malipo ya ziada. Hapa kwetu kila mmoja hujadiliana peke yake, tena mara nyingi na mtu anayemheshimu.

Labda msomaji atasema kwamba akishikilia bei, kazi itachukuliwa na mwenye simu ya mkononi atakayeifanya kwa 5,000. Ni kweli itachukuliwa, mara nyingine. Lakini anayepunguza bei bila ya kupunguza kazi amekuwa mfadhili wa harusi asiyoalikwa. Mteja mwenye 15,000 apewe kazi ya 15,000: mtu mmoja, kamera moja, saa tano. Nusu siku nayo ifikiriwe vyema, kwani aliyekodiwa asubuhi hana wa kumkodi alasiri. Kadhalika arbuni ilipwe kabla ya siku yenyewe, na mwenye kuahirisha usiku wa kuamkia kazi asirudishiwe.

Malipo ya vijana wale yalitoka baada ya miezi mitatu. Nilikwenda kwa mhasibu kuomba fomu ya makubaliano iongezwe safu mbili, moja ya saa na moja ya vifaa. Aliniambia niandike barua. Nimeandika. Juma lililopita tulikodi kikosi kingine, na fomu niliyotia sahihi ilikuwa ile ile.