Chemsha Bongo ya Historia Ianzie Liuli

Nani aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914? Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayelipenda somo la Historia atanyoosha mkono hata kabla swali halijamalizika: Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Sasa muulize huyo huyo nini kilitokea Liuli mwezi Agosti mwaka ule ule. Anaweza kuwa mzaliwa wa Mbamba Bay, na kila likizo anapita Liuli kwenda kwa bibi yake, lakini swali hilo likamnyamazisha.

Simlaumu. Swali hilo halimo katika madesa wanayopeana bwenini, na ni nadra kusomwa katika mashindano ya chemsha bongo yanayokutanisha shule na shule. Yanayosomwa tunayajua: Mkutano wa Berlin uliitishwa na nani, Napoleon alishindwa wapi, Umoja wa Mataifa ulianzishwa mwaka gani. Ukipata, pointi mbili. Ukikosa, swali linahamia upande wa pili.

Nalianzia hapa kwa sababu mjadala kuhusu somo la Historia umepamba moto. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelifanya somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuwa la lazima sekondari, tena kwa Kiswahili. Somo la Historia tulilolizoea, lenye Afrika na dunia ndani yake, limebaki likifundishwa kwa Kiingereza kwa anayelichagua. Wapo wanaoona hapo ndipo pa kuachana na mambo ya Wazungu: mtoto wa mkulima wa kahawa ana haja gani na Bismarck? Wapo wanaojibu kwamba tukifanya hivyo tutalea vyura wa kisimani, vijana wasiojua kwamba nje ya mkoa wao kuna dunia. Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na naona zimekubaliana katika jambo moja ambalo si kweli: kwamba historia ya dunia ni ya huko, na ya kwetu ni ya hapa.

Tuitazame Liuli yenyewe. Leo iko katika wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lililoko ufukweni, ambalo waliliona linafanana na lile sanamu la Misri lenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Hapo ndipo ilipokuwa ikifanyiwa matengenezo stima yao, Hermann von Wissmann, iliyosafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire na kuanza kuelea katika Ziwa Nyasa mwaka 1893. Upande wa Waingereza ilikuwepo Gwendolen chini ya nahodha Rhoades, iliyokuwa na kituo kusini mwa ziwa, Fort Johnston, mahali panapoitwa Mangochi sasa.

Agosti 1914, na tarehe inayotajwa zaidi ni 13, Gwendolen ilitokea mbele ya Liuli. Stima ya Wajerumani ilikuwa juu ya chelezo, nje ya maji, haiwezi hata kusogea. Rhoades akafyatua mzinga wake mdogo kutoka umbali wa karibu kilomita 2. Makombora mengi yalikosa shabaha, kisha moja likapata. Ndipo nahodha wa Kijerumani, Berndt, alipoiendea meli ile kwa mashua ndogo, amefura kwa hasira. Yeye na Rhoades walikuwa marafiki wa miaka, watu wa kukaa meza moja. Inasimuliwa kwamba alimuuliza kwa ukali kama amelewa. Habari kwamba nchi zao ziko vitani hazikuwa zimemfikia. Alizipata palepale, akachukuliwa mateka. Magazeti ya London yakatangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Mwezi Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli, wakateremsha askari nchi kavu na kuiharibu stima ile kwa baruti.

Mwanafunzi akilisikia hili kwa mara ya kwanza, ataelewa kuhusu vita ile jambo ambalo orodha ya sababu zake, zilizopangwa kwa herufi za Kirumi ubaoni, haiwezi kumpa. Watu wawili waliokuwa marafiki hadi wiki iliyotangulia wanakuwa maadui kwa uamuzi uliopitishwa Ulaya, katika ziwa ambalo wenyewe, Wanyasa, Wamanda na Wamatengo, hawakuulizwa lolote.

Hata hivyo, hapa pana mtego, na walimu wanaoipenda Nyasa ndio wanaoweza kuuingia kwanza. Simulizi hii mara nyingi hutolewa kama "vita ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza". Inapendeza kuisema hivyo, hasa mbele ya mgeni. Lakini tarehe 5 Agosti 1914 manowari za Uingereza zilikuwa zimeshaizamisha meli ya Kijerumani Königin Luise katika Bahari ya Kaskazini, na tarehe 8 manowari Astraea ilikuwa imeshaipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Huko Togo, tarehe 7, Alhaji Grunshi, askari wa Gold Coast, alifyatua risasi ambayo wanahistoria wengi huitaja kuwa ya kwanza kwa jeshi la nchi kavu la Waingereza. Liuli basi ni miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa ya meli katika vita ile. Sifa hiyo inaitosha. Mwanafunzi aliyezipanga tarehe hizo mwenyewe na kugundua kwamba neno "ya kwanza" limetiwa chumvi amejifunza kazi ya mwanahistoria. Aliyekaririshwa kwamba Liuli ni ya kwanza amebadilishiwa tu kitu cha kukariri.

Na vita iliisha lini? Daftari litasema 11 Novemba 1918. Kwa Ulaya ni sahihi. Kwa Ruvuma jibu hilo halitoshi. Von Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akarudi mwishoni mwa Septemba 1918 na kupita Ungoni akielekea kaskazini kabla ya kugeukia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Majeshi ya pande zote yalikula chakula cha wakulima na kuwachukua vijana wao kubeba mizigo. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Katika chumba cha mashindano, mtoto akijibu "25 Novemba" anaweza kunyimwa pointi, na hilo linaniuma.

Kuhusu kipindi kilichotangulia nitasema machache. Wangoni walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakivikimbia vita vya nyakati za Shaka, vinavyoitwa Mfecane, na mapokeo yao yanakumbuka kwamba jua lilifunikwa siku Zwangendaba alipouvuka mto Zambezi. Wanajimu wamehesabu, wakapata tarehe: 20 Novemba 1835. Wangoni walipofika Songea, mashambulizi yao yaliwasukuma Wamatengo kujibana milimani, na hiyo ndiyo sababu inayotolewa kwa kawaida ya kilimo cha ngoro kushamiri kwenye miteremko ile. Mwanafunzi wa Litembo anakijua kilimo hicho kwa mikono yake. Nyasi hufyekwa masika yanapokaribia kwisha na kulazwa kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi zile, kazi ambayo kwa desturi ni ya akina mama. Linabaki shimo lenye matuta pande zote nne, linalodaka maji ya mvua yasikimbie na udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mtoto huyo huchimba ngoro Machi, halafu Juni anajibu swali la Mfecane katika mtihani bila kuambiwa kwamba huenda ni mambo ya nasaba moja.

Lakini mahali ambapo dunia imeigusa Mbinga kwa nguvu zaidi ni kwenye kahawa, na hapa ndipo maswali yetu yalipo dhaifu zaidi. Ulizia mwaka 1989 katika shule yoyote na utaambiwa Ukuta wa Berlin, 9 Novemba. Ni kweli, na Vita Baridi ilikuwa inaelekea mwisho. Lakini mwezi Julai mwaka huo huo, mfumo wa mgao uliokuwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika. Tangu miaka ya 1960 kila nchi inayouza kahawa ilikuwa na kiasi ilichoruhusiwa kupeleka sokoni, na Marekani iliuunga mkono mpango huo kwa sehemu kwa kuhofia kwamba umaskini ungewasukuma wakulima wa Amerika ya Kusini kwenye ukomunisti. Hofu ilipopungua, na nchi zenyewe ziliposhindwa kugawana mgao, mpango ukafa. Ndani ya miezi michache bei ya dunia ilishuka karibu nusu.

Kutoka hapo fuata mstari hadi shambani. Msimu wa 1994/95 Tanzania iliruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa. Katika miaka hiyo ya 1990 chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikadidimia. Vietnam, ambayo zamani haikutajwa kabisa katika biashara ya kahawa, ilipanda mibuni kwa kasi hadi kuwa ya pili duniani nyuma ya Brazil, na mwaka 2001 bei ikaporomoka vibaya. Mkulima aliyekosa ada ya mwanawe mwezi Januari akaingia kwenye magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Miaka mingi magoma yamezungumzwa kama tabia mbaya ya walanguzi, au uzembe wa mkulima mwenyewe. Si uongo kwamba walanguzi wapo. Ila kijana asiyejua kilichotokea Julai 1989 hawezi kueleza kwa nini babu yake alijenga kwa kahawa na baba yake akashindwa kusomesha kwa kahawa ile ile.

Au tuchukue baridi kali iliyoua mibuni ya Paraná, Brazil, Julai 1975, ikapandisha bei ya dunia kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Bei hiyo mpya ilimfikiaje mkulima wa Mbinga, ikiwa mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na mazao kununuliwa na mamlaka zake? Kiasi gani kilibaki njiani? Hilo ni swali la chemsha bongo linalomfaa mtu wa miaka kumi na sita, na linahitaji jiografia, siasa na hesabu kwa pamoja.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni mtihani: NECTA haitungi karatasi ya Mbinga na nyingine ya Arusha. Sawa, lakini mtihani huo unauliza Vita vya Kwanza vya Dunia, unauliza ukoloni, unauliza biashara ya dunia. Aliyeielewa Liuli atajibu kuhusu vita kwa mfano alioushika, na mfano mzuri una alama zake. Ya pili ni muda na walimu. Hii ni nzito, nami siipuuzi, maana shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja wa Historia mwenye mikondo mingi. Ndiyo maana nazungumzia chemsha bongo, inayofanyika nje ya vipindi, badala ya kudai sura mpya katika kitabu.

Ya tatu ni mpaka wa Tanzania na Malawi ziwani, na wengi wangependa tusiiguse. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule wa Heligoland na Zanzibar, ulipitisha mstari kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa, maji yote yakabaki upande wa Waingereza. Katika mkataba huo huo Ujerumani ilipewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofikia kilomita za mraba 2. Malawi inasimamia mstari huo pamoja na azimio la wakuu wa nchi za Afrika la Cairo, Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Tanzania inasimamia mpaka wa katikati ya maji, kama ilivyo desturi kwa maziwa mengi yanayogawanywa na nchi. Suala lilipamba moto tena mwaka 2012, likapelekwa kwa usuluhishi wa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano. Je, mwanafunzi wa Mbamba Bay aulizwe habari hizi? Naamini ndiyo, na aulizwe hoja za pande zote mbili, pamoja na lile linalotupa kazi zaidi: kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulipigania azimio lile la Cairo. Mvuvi anayetweka tanga jioni anaishi juu ya mkataba huo. Kumficha mwanawe hoja ya jirani hakumfanyi kuwa mzalendo zaidi, kunamfanya ashindwe kuitetea nchi yake siku akikutana na Mmalawi aliyesoma.

Walimu wa Historia wa Mbinga na Nyasa, nawaomba mwandike maswali yenu wenyewe kwa mashindano yajayo: wa Liuli waandike la stima, wa Litembo la ngoro, wa Mbinga mjini la kahawa, wa Mbamba Bay la mpaka. Sarajevo na Napoleon wabaki, maana bila hao la Liuli halieleweki. Mwaka sahihi upewe pointi moja, na sababu iliyoelezwa vizuri ipewe tatu. Maafisa elimu wa wilaya zote mbili wanaweza kuliruhusu hilo muhula ujao, bila kusubiri mtaala mwingine.