Gemu ya kwanza: kwa nini kijiji kimoja kinatosha

Simu janja zimefika vijijini, na pamoja nazo zimefika gemu. Vijana waliozoea kuzicheza sasa wanajiuliza: je, na sisi tunaweza kutengeneza za kwetu? Jibu fupi ni ndiyo. Zana zipo, nyingine ni za bure kabisa, na wapo Waafrika waliokwisha kufanya kazi hiyo hadi ikauzwa duniani.

Hata hivyo, gemu nyingi zinazoanzishwa na watu wapya hazimaliziki. Miaka inapita, akiba inakwisha, na kinachobaki ni michoro michache na hadithi isiyo na mwisho. Tatizo si kompyuta au mtaji peke yake. Mara nyingi ni mpango: anayeanza anachora dunia nzima wakati ana nguvu za kujenga kijiji kimoja.

Katika makala hii tunaangalia aina moja ya gemu ambayo inawavutia wengi na kuwaangusha wengi: gemu za kuvaa uhusika, ambazo wachezaji huziita kwa kifupi RPG.

Ni gemu za namna gani?

Katika gemu hizi mchezaji anachukua nafasi ya mhusika fulani. Anasafiri, anazungumza na watu, anapigana, anapata vifaa, na kadiri anavyosonga mbele ndivyo nguvu zake zinavyoongezeka. Mzizi wake ni mchezo wa mezani. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu. Kompyuta ilikuja baadaye kufanya hesabu zilizokuwa zikifanywa kwa mkono.

Ugumu wa kuzitengeneza ni kwamba kila kitu kinazaa kingine. Ukiongeza mji, unahitaji watu wa mji huo. Watu wanahitaji maneno ya kusema. Maneno yakitaja vita, unahitaji maadui, silaha na muziki wa vita.

Chukua mfano wa maamuzi. Tuseme hadithi yako ina njia panda 10, na katika kila moja mchezaji anachagua kulia au kushoto. Kama kila chaguo linafungua hadithi yake isiyorudi nyuma, utatakiwa kuandika miisho 1,024. Hakuna mtu mmoja atakayeimaliza kazi hiyo.

Watengenezaji wazoefu wanafanya hivi: njia zinaachana, kisha zinakutana tena, ila gemu inakumbuka ulichofanya. Mchezaji aliyemnyima mzee maji kisimani atafika sokoni sawa na yule aliyempa. Lakini akikutana na mzee yule sokoni, salamu yake haitaitikiwa, na bei ya dawa itakuwa imepanda. Mwandishi ameongeza sentensi tatu tu, lakini mchezaji anahisi kwamba uamuzi wake ulikuwa na uzito.

Funzo kutoka Cameroon

Mfano wa karibu kwetu ni Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotengenezwa na studio ya Kiro'o Games ya mjini Yaoundé, Cameroon, na kutolewa Aprili 2016. Ni hadithi ya mwanamfalme Enzo na mkewe Erine, wanaopoteza kiti cha enzi kwa mapinduzi yaliyoongozwa na ndugu wa mke. Nguvu za shujaa zinatokana na urithi wa mababu zake.

Gemu hiyo haikutengenezwa kwa mwaka mmoja. Mwanzilishi wa studio, Olivier Madiba, alianza kuifikiria mwaka 2003 akiwa mwanafunzi. Studio yenyewe ilianza kazi rasmi mwaka 2013. Njiani kulikuwa na kukatika kwa umeme na kutafuta wawekezaji mmoja mmoja. Mwaka 2015 walichangisha fedha kupitia mtandao wa Kickstarter, wakaomba euro 40,000 na kupata karibu 50,000.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba hadithi ya Kiafrika ina soko, na haikuhitaji kuvaa koti la Japani ili isikilizwe. La pili ni kwamba ndoto ya 2003 ilihitaji kikosi cha watu na zaidi ya miaka 10. Kijana aliye peke yake akianza na kazi ya ukubwa huo, asishangae akikwama. Baada ya hapo Kiro'o wenyewe waligeukia pia gemu ndogo za simu.

Udogo si udhaifu

Mwaka 1986, kampuni ya Enix ya Japani ilitoa Dragon Quest, iliyobuniwa na Yuji Horii. Gemu nzima ilikaa ndani ya kilobaiti 64. Picha moja unayotumiwa kwenye simu leo inaweza kuzidi hapo. Kwa sababu ya ufinyu huo, shujaa alikuwa mmoja, na alipigana na adui mmoja kwa wakati mmoja.

Ufinyu huo ulimlazimisha Horii afikiri. Mchezaji akitoka tu mahali pa kuanzia, anaiona ngome ya adui mkuu ng'ambo ya maji. Iko karibu kwa macho, lakini mbali kwa miguu. Tangu dakika ya kwanza anajua anakwenda wapi, na swali linalobaki ni atafikaje. Hilo halikuhitaji pesa, lilihitaji kupanga ramani vizuri.

Wachezaji wa bao hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ubao una mashimo 32 na kete 64, basi, lakini watu wanauchezea hadi wanazeeka na bado wanafungwa kwa njia wasizozitarajia. Vitu ni vichache, ila vinagusana. Gemu yenye silaha 200 zinazofanana ni maskini kuliko yenye silaha 4 ambazo kila moja ina kazi yake.

Kwa anayeanza tunaona kipimo kizuri ni hiki: kijiji kimoja, watu 6 wenye majina, maadui 3 au 4, tatizo moja kubwa, na muda wa kucheza usiozidi saa moja. Ikikamilika na kupendwa, kijiji cha pili kitajengwa juu ya msingi uliokwisha kukauka.

Pima mapigano kwa maharage

Kabla ya kugusa kompyuta, pigana kwanza mezani. Weka maharage 20 kuwa maisha ya shujaa, naye anapiga kwa nguvu 5. Nyoka ana maharage 15, anauma kwa nguvu 3. Shujaa akianza, anahitaji mapigo 3 kummaliza, na katikati atakuwa ameumwa mara 2. Anabaki na maharage 14. Nyoka wa pili anamwacha na 8, wa tatu anamwacha na 2. Wa nne atamuua.

Kwa hesabu hiyo umeshajua kwamba baada ya nyoka wa tatu lazima kuwe na kisima, au nyumba ya bibi, pa kupumzikia. Sasa badilisha kitu kimoja tu: nyoka aume kwa nguvu 5. Shujaa atakufa kwa nyoka wa pili. Namba moja imeongezeka kidogo, na safari imekatika katikati. Watengenezaji wapya wengi wanaligundua hili baada ya kuchora kila kitu, wakati maharage yangewaambia kwa nusu saa.

Lipo swali la pili: je, mchezaji anaamua chochote, au anabonyeza kitufe kilekile hadi adui aanguke? Mwaka 2015, Mmarekani Toby Fox alitoa Undertale, ambamo karibu kila pambano linaweza kumalizwa bila kuua, kwa kumwelewa adui na kumhurumia. Na gemu inakumbuka uliyemuua na uliyemwacha. Picha zake ni za kawaida sana. Mwaka 2013 Fox aliomba dola 5,000 kwa wafadhili akapata zaidi ya 51,000, na jambo moja lililomsaidia ni kwamba alikuwa na sehemu fupi ambayo watu waliweza kuicheza. Watu walichangia kitu walichokionja.

Fikiria simu ya mchezaji wako

Mtengenezaji wa kwetu ana faida ambayo wa ng'ambo hana: anamjua mchezaji wake. Anajua kwamba simu imejaa, bando ni la siku moja, na chaji inasubiri jua au duka la kuchajia. Basi ajenge kwa kuzingatia hayo.

Gemu icheze bila intaneti. Faili liwe dogo, ili mtu asilazimike kufuta picha za harusi ili kulipata. Mchezo ujihifadhi wenyewe kila mara, maana simu itazimika au mama atamwita mchezaji kabla ya kufika mwisho. Maandishi yawe makubwa, na rangi zionekane mtu akiwa nje juani.

Na lugha? Gemu ya kuvaa uhusika ni maneno kwanza. Anayeandika kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza atapanga visanduku vya maandishi vinavyotosha maneno yetu marefu, na atampa kila mhusika kauli yake: jinsi bibi anavyosema, jinsi kondakta anavyosema. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ikiwa na sauti za Kiswahili. Salim aliijenga juu ya huzuni ya kumpoteza baba yake. Lakini miezi michache baadaye studio yake ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Sifa na mshahara havitembei pamoja sikuzote.

Gharama na sheria za soko

Zana ya bure inayotumiwa sana na wanaoanza ni Godot, iliyoanzia Argentina. Haina ada wala mgao wa mauzo, na lipo toleo linalofanya kazi kwenye simu ya Android. Umuhimu wa kujua masharti ya zana ulionekana Septemba 2023, pale kampuni ya Unity ilipotangaza ada mpya inayohesabiwa kwa idadi ya watu wanaopakua gemu. Watengenezaji walipinga vikali, na mwaka mmoja baadaye ada hiyo ikafutwa. Waliobahatika ni wale waliokuwa na gemu ndogo, kwani wangeweza kuhama.

Kuweka gemu kwenye duka la Google Play kunahitaji kulipa dola 25 mara moja. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, linatoza dola 100 kwa kila gemu. Google inachukua asilimia 15 ya mapato hadi dola milioni 1 kwa mwaka. Aidha, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya ya Google Play anatakiwa kwanza awe na wajaribu 12 watakaobaki kwenye jaribio kwa siku 14 mfululizo.

Wengi wanaliona sharti hilo kama usumbufu. Sisi tunaliona kama nafasi. Wape gemu binamu, jirani na fundi wa simu, kisha kaa kimya uangalie. Usieleze chochote. Pale wanapokwama, kosa ni la ramani. Pale wanaporuka maneno bila kusoma, hadithi ni ndefu mno.

Kwa mzazi na kwa kijana

Hadithi za mafanikio makubwa zisitudanganye. Stardew Valley, gemu ya mkulima anayefufua shamba la babu yake, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani, kwa takriban miaka minne na nusu, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 41. Lakini katika miaka hiyo alikuwa na kibarua katika ukumbi wa maonyesho, na mwenzi wake alibeba sehemu kubwa ya gharama za nyumbani. Kwa kila gemu ya namna hiyo, zipo nyingi sana zisizorudisha hata ada ya duka.

Kwa hiyo kijana asiache shamba, chuo wala kibarua kwa ajili ya gemu ya kwanza. Aifanye jioni, kwa miezi mitatu hadi sita, na aweke tarehe ya mwisho.

Na mzazi asiyejua kama mwanawe anafanya kazi au anapoteza muda anaweza kumuuliza maswali matatu. Kuna sehemu gani ninayoweza kuicheza leo? Itakamilika lini? Nani asiye rafiki yako ameicheza, na alikwama wapi? Anayeyajibu yote matatu yuko kazini, hata kama gemu yake ina kijiji kimoja tu. Asiyeweza kuyajibu, ila ana majina ya falme 12 na ramani ya bara zima, anahitaji kushauriwa apunguze mzigo kabla haujamshinda.