Sindano inayochoma muuguzi, nani anaihesabu?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni na Butembo,

Wakati Ebola ilikuwa kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 1/8/2018 mpaka 25/6/2020, ilishika watu 3.470. Kati yao, 171 walikuwa wafanyakazi wa afya. Kikwit, mwaka 1995, walikuwa 80 kati ya wagonjwa 315. Hesabu hizo tunazijua ju dunia yote ilikuwa inatuangalia.

Ebola ikiisha, na kuhesabu kunaisha. Lakini hatari inabaki. Usiku muuguzi anachoma mugonjwa sindano, mugonjwa anashituka, sindano inamuingia muuguzi mu kidole. Ananawa, anaendelea na kazi. Kama hakuna daftari, asubuhi ni kama hakuna kitu kilifanyika.

Watafiti walishaonyesha hatari yake. Kama mugonjwa ana hepatiti B na muuguzi hajachanjwa, anaweza kuambukizwa mpaka mara 30 kwa 100. Kwa virusi vya sida, ni karibu mara 3 kwa 1.000. Na dawa ziko: chanjo ya hepatiti B ni dozi tatu tu. Dawa za kuzuia sida zinaanzwa mbele ya saa 72 kupita, zinamezwa siku 28. Kwa hiyo hatukosi elimu. Tunakosa wakubwa wenye kujali.

Watatuambia: nchi iko mu vita, hiyo ingojee. Sisi tunasema vita njo inajaza hospitali majeruhi na damu. Muuguzi mwenye leta haimulipe hata mushahara, tunamuomba pia atupe maini yake?

Tunadai mambo matatu:

1. Kila hospitali na kila santé iwe na daftari ya ajali za kazi, na hesabu zitangazwe kila mwaka.
2. Wafanyakazi wote wa afya, pamoja na wanaofagia na kufua, wachanjwe hepatiti B bure.
3. Dawa za kuzuia sida zipatikane usiku na muchana.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Muuguzi naye ni raia.

Wewe unayesoma, ukifika santé ya kwenu, uliza kwa heshima: daftari iko wapi? Tukiuliza wengi, watalazimika kujibu.