Nyota Si Abiria wa Giza

Imani hii imeota mizizi kwa wapenzi wa sayansi ya anga: maada ya giza ndiyo bwana wa galaksi, nyota ni abiria tu. Hoja yao ni wingi. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima mwendo wa galaksi ya Andromeda, na vipimo vya namna hiyo vikaja kuonyesha kwamba nyota za pembezoni zinakwenda kasi mno kuweza kuzuiwa na uvutano wa vile tunavyoviona tu. Maada ya giza, isiyoonekana, ni takriban mara tano ya maada ya kawaida, nayo imezingira galaksi kwa tando kubwa liitwalo halo. Basi, wanasema, kikubwa huamua, kidogo hufuata.

Nakataa, na ushahidi unaonekana Chiungutwa, kusini mwa Tanzania. Msimu wa korosho, mwishoni mwa Septemba, toka nje saa kumi alfajiri, usiku usio na mwezi, utazame kusini, upande wa mto Ruvuma. Kile kiraka cha nuru hafifu kisichopeperushwa na upepo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Februari 1987 nyota moja ya humo ilionekana ikilipuka, hata kwa macho matupu.

Mlipuko mmoja hauisumbui halo. Lakini katika galaksi ndogo milipuko mingi hufukuza gesi kutoka katikati, ghafla, tena na tena. Gesi ikitoka, uvutano wa pale hupungua, na maada ya giza hutanua mizunguko yake, kama mbuzi aliyelegezewa kamba. Gesi hurudi, hufukuzwa tena, lakini giza halirudi lote lilikokuwa. Mwaka 2019 Justin Read na wenzake walichunguza galaksi ndogo 16: zilizoendelea kuzaa nyota kwa muda mrefu zilikuwa na giza jembamba zaidi katikati. Huyo ndiye abiria?

Wala halo yenyewe si jukwaa lisilotikisika. Wingu lile la Magellan, likiwa na giza lake lenyewe, linaivuta galaksi yetu. Mwaka 2021 Michael Petersen na Jorge Peñarrubia walionyesha kuwa sahani ya nyota zetu inasogea kwa kilomita 32 hivi kwa sekunde, ikilinganishwa na nyota za mbali zilizo ndani ya halo.